Bili ya Maji

Bili imekuja kwa jina la baba:
Lali Athmani Shee, Langoni. Akaunti hai.
Hai. Ndivyo walivyoandika.
Swafiya akaikunja mara nne
akaifutika ndani ya leso, mama asiione.

Mwezi wa pili wa eda.
Tumemgawana mama kama zamu za hospitali:
Swafiya asubuhi, uji na dawa za presha;
Tima mchana, kwa kuwa Tima anajua kunyamaza;
mimi, niliyetoka Nakuru na sanduku la magurudumu
lililoamsha uchochoro mzima,
nimepewa usiku.

Tuliwekeana sharti khitima ilipokwisha:
hakuna kulia mbele yake.
Atakayezidiwa apande darini
ajifanye anaanua nguo.
Siku moja nilizikuta kapuni zingali mbichi,
zimekunjwa vizuri, pindo kwa pindo,
nikajua Tima alikuwa huko.

Mama, yeye, halii.
Hana wanja, hana hina, hana hata harufu,
mama ambaye udi wake ulitangulia kuingia chumbani.
Miwani ya baba ameifuta, ameirudisha kidakani.
Miaka arubaini na sita na mtu mmoja,
naye anauliza bei ya samaki.
Swafiya anaiita imani.
Mimi, Mungu anisamehe, niliita ugumu.

Lakini bili.
Maradufu, na mia na kitu juu yake.
Tukashutumiana jikoni kwa sauti za chini,
nani anaacha mfereji wazi?
Baba angekuwapo angepiga kelele toka dakani:
"Maji hayo yametoka Shela, hayakutoka mbinguni!"
Tukacheka.
Kisha sote watatu tukakumbuka nguo.

Usiku ule sikulala.
Saa nane, mlango wa choo,
kisha mfereji, hadi mwisho,
ndoo ikajaa, ikafurika, ikazidi kufurika.
Niliinuka na hasira zangu za bili,
nikatega sikio,
na chini ya maji palikuwa na sauti nisiyoijua.
Si kilio cha matanga.
Kitu kidogo, kama cha mtoto aliyekanywa.
Alikuwa akimwita kwa jina.
Jina tupu: Lali. Lali.
Tangu tuzaliwe hatukumsikia akilitaja;
alikuwa "Baba Swafiya", alikuwa "huyo bwana wenu".

Kumbe naye alijiwekea sharti lake,
mbele ya wasichana, hakuna.

Sikubisha hodi. Nilirudi kitandani kwa vidole,
kama aliyeiba.
Usiku wa pili nikaingia mimi, choo kile kile,
nikafungua mfereji,
nikaegemea chokaa ya ukuta,
nikalia mpaka meno yakagongana.

Mlango ukagongwa kwa kucha, mara mbili.
"Funga mai, mwanangu. Ndoo."

Miaka kumi na tisa ya bara imenila ulimi.
Nilidhani anataka ndoo.
Nikaibeba ilivyojaa, nikafungua kwa kiwiko,
nikasimama pale naivuja miguuni pake,
naye amenyosha mikono, mitupu,
anaitazama ndoo, ananitazama mimi.
"Ndoo," akasema tena, polepole,
kama anayemfundisha mtoto kutembea,
na mabega yake yakaanza kutikisika,
sijui kwa kicheko, sijui kwa lile jingine.
Niliitua.
Nikaja.

Swafiya na Tima wakatukuta na tochi ya simu,
tumeketi kizingitini, nguo zimelowa hadi magotini,
na hakuna aliyepanda darini.

Ofisi ya maji walimuuliza Swafiya kama tunabadilisha jina.
Aliwaambia tutakuja eda ikiisha.
Akalipa, akaleta risiti,
na mama akaipokea bila kuuliza ni kiasi gani,
akaichoma kwenye msumari wa ukutani
juu ya zile za baba.